Nimefundishia hadithi za katuni kwa Scratch: uzoefu wangu

Mimi ni mwalimu wa lugha, si wa kompyuta. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoisifia Scratch huipima kwa jinsi inavyomwandaa mtoto kuwa mtunga programu. Mimi naitumia kuwafundisha wanafunzi kusimulia hadithi kwa katuni fupi, ya dakika moja hivi, na kwa kazi hiyo naiona inazipita hata baadhi ya programu zilizotengenezwa mahususi kwa katuni.

Kwa asiyeifahamu: Scratch ni programu ya kompyuta ya kuwafundisha watoto kutunga programu, michezo na katuni. Ilitoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007, na toleo la 3.0 likaja 2019. Ni ya bure, imewalenga watoto wa miaka 8 hadi 16, na unaweza kuigeuza iwe ya Kiswahili. Mwanafunzi haandiki kodi, yaani amri za kompyuta kwa maandishi. Anaburuta vipande vya amri na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Ukiisakinisha kwenye kompyuta, inafanya kazi bila intaneti.

Uzuri wake hasa uko kwenye mazungumzo. Kila mhusika ana amri zake peke yake, kwa hiyo mwanafunzi halazimiki tu kujua nani anasema nini, bali pia lini. Mwanzoni wote hupanga kwa sekunde: huyu aseme sekunde 2, yule asubiri sekunde 2 ndipo ajibu. Mambo huenda sawa mpaka mtu aongeze maneno. Mwanafunzi mmoja alikuwa na hadithi ya mvulana aliyevunja simu ya dada yake akaificha chini ya godoro. Akarefusha maneno ya dada, basi mvulana akawa anaropoka "Mimi sijaiona!" kabla hajaulizwa chochote. Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzake akamwambia asirekebishe, maana hapo mvulana kajishtaki mwenyewe. Kweli, hadithi ikawa tamu zaidi.

Baada ya hapo ndipo naleta amri ya kutuma ujumbe. Dada akimaliza kusema, anatuma ujumbe. Mvulana akiupokea, ndipo anajibu. Sasa tukio halitokei kwa kuwa sekunde zimetimia, linatokea kwa kuwa kuna aliyelisababisha. Ukisahihisha insha ambazo ni "halafu, halafu, halafu" kutoka juu hadi chini, utaelewa kwa nini nafurahia jambo dogo kama hilo.

Sauti wanarekodi wenyewe humo humo. Ile sauti ya kompyuta inayosoma maandishi achana nayo: inataka intaneti, na Kiswahili hakimo.

Kwenye uchoraji, usitarajie makubwa. Jukwaa, yaani sehemu ya skrini katuni inapochezwa, lina ukubwa wa pikseli 480 kwa 360, na mwenye kipaji cha kuchora atajiona kabanwa. Lakini yule paka anayekuja na programu ana picha mbili tu, na ukizibadilisha haraka haraka anatembea. Filamu za kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Hapa mtoto anapata mwendo kwa picha mbili, muda unaobaki anauelekeza kwenye hadithi. Wanaopenda kuchora kwa mkono huchora kwenye karatasi, tunapiga picha kwa simu na kuzitumia kama mandhari. Kuzitumia kama wahusika ni kazi, maana weupe wa karatasi lazima ufutwe pembeni kote.

Kuna maktaba ya wahusika waliokwisha kuchorwa, na humo ndimo kipindi hupotelea. Atachaguliwa joka, atabadilishwa rangi, kengele italia. Kwangu hakuna anayegusa kompyuta kabla hajaleta karatasi yenye vyumba sita vya picha, kila kimoja na tukio lake.

Usumbufu mwingine ni kwamba haina kitufe cha kuhifadhi kazi kama video. Inakupa faili la sb3 linalofunguliwa ndani ya Scratch, hivyo mzazi anayetaka kuiona kwenye WhatsApp itabidi urekodi skrini kwa programu nyingine. Kuna njia ya kuichapisha kwenye tovuti yao, ila huko yeyote anaweza kuitazama na hata kuichukua aibadilishe. Nasikiliza kwanza kila sauti iliyorekodiwa. Watoto hutaja majina yao kamili bila kujua.

Kwa wa miaka 5 hadi 7 tumia ScratchJr, toleo jepesi la Scratch kwa watoto wadogo. Wakubwa wanaotaka kuchora picha moja baada ya nyingine wapelekee Pencil2D, nayo ni ya bure.