Barabara ya Eyre kwa karavani na familia: lami nzuri, maji haba

Lami yenyewe haina shida. Tangu 1976 barabara ya Eyre, inayokatiza tambarare kame ya Nullarbor kusini mwa Australia, ina lami mwanzo hadi mwisho, na hata gari dogo hupita. Anayeumia huku mara nyingi ni mwenye karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) iliyopakiwa vibaya, siku ya upepo. Hapa tunapima kipande cha Ceduna hadi Norseman, takribani kilomita 1,200, kwa familia inayovuta karavani kuelekea magharibi. Siku nne zinatosha. Tatu zinawezekana, ila watoto watachoka na dereva atashawishika kuendesha gizani.

Tuanze na vituo vya barabarani: Nundroo, Nullarbor, Border Village, Eucla, Mundrabilla, Madura, Cocklebiddy, Caiguna na Balladonia. Hapo ndipo penye pampu, mkahawa, choo, bafu na mahali pa kulala. Kwa mafuta tunavipa alama za juu, kwa sababu nafasi ndefu kuliko zote kati ya pampu na pampu haizidi sana kilomita 190. Piga hesabu. Gari linalokula lita 11 kwa kilomita 100 likiwa peke yake, likivuta karavani ya tani mbili na nusu litakula 16 hadi 18, na upepo wa magharibi ukilipiga usoni, hata 22. Kilomita 190 kwa ulaji huo ni lita 42, kwa hiyo tangi la lita 80 linatosha kabisa. Kosa ni kuipita pampu moja kwa kuwa bei imepanda: kilomita 380 zinahitaji lita 84, na tangi limekauka kabla hujafika. Jaza Ceduna, kisha ongeza kila kituo, upende usipende bei. Jerikeni ya lita 20 iwe ya dharura tu.

Kwa maji, alama ni za chini, na si kosa la wenye vituo. Maji ya ardhini huko ni ya chumvi. Yanayofaa kunywa huvunwa kwenye mvua, huletwa kwa lori au huchujwa chumvi kwa gharama. Usitegemee kujaza tangi njiani. Watu watano, lita 5 za kunywa kila mmoja kwa siku, kwa siku nne, ni lita 100. Tangi mbili za lita 80 chini ya karavani zitatosha kunywa, kupika na kuosha vyombo kwa uangalifu. Kuoga kufanyike kwenye mabafu ya vituo. Lita 20 ziwekwe ndani ya gari, maana jiwe moja likikata mpira wa maji chini ya karavani, yote yanamwagika bila wewe kujua.

Lakini lita 160 ni kilo 160, na hapa ndipo mambo yanapoharibika. Uzito unaokalia tufe la chuma nyuma ya gari, linaposhikizwa karavani, uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote wa karavani: tani mbili na nusu, basi kilo 250, mradi gari lako linaruhusiwa kubeba kiasi hicho. Pima kwenye mizani kabla ya kuondoka, tangi zikiwa zimejaa. Mizigo mizito ikae chini, juu ya ekseli. Baiskeli na jenereta zikifungwa nyuma kabisa, mkia unakuwa kama pendulamu. Upepo wa ubavuni unausukuma, na malori ya mita 36 na zaidi yanamalizia kazi. Lori linapokuja, hewa yake kwanza inakusukuma pembeni, kisha inakuvuta. Karavani ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupigana nao, bonyeza kwa mkono swichi ya breki ya umeme ya karavani mpaka inyooke. Kilomita 90 kwa saa ni mwendo mzuri. Redio ya mawasiliano ya UHF ndani ya gari iwe chaneli ya 40, umwambie dereva wa lori lini umemwona na lini njia ni nyeupe.

Matairi yapimwe upepo asubuhi, yakiwa baridi, kisha tena baada ya saa moja ya mwendo. Kwa tairi la gari dogo, ongezeko la psi 4 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) ni sawa. Likizidi sana, ulianza na upepo mdogo mno: tairi linajikunja, linapata joto, linapasuka. Kila ukisimama, gusa kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu ni kawaida. Kisichoshikika kina beringi inayokufa au breki inayokwama. Beba beringi, sili na grisi, kwa sababu za saizi yako hazitakungoja Cocklebiddy.

Mandhari? Kati ya Balladonia na Caiguna kuna kilomita 146.6 bila kona hata moja, na usingizi ndio hatari yake. Badilishaneni dereva. Head of Bight, kabla ya kituo cha Nullarbor, inastahili nusu siku nzima kati ya Juni na Septemba, nyangumi wanaponyonyesha chini ya majabali. Usiipite.

Endesha kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Kangaruu hutoka jua likizama. Angalia pia saa yako: Eucla na jirani zake wako mbele ya Perth kwa dakika 45, na simu hubadilika ovyo. Mtandao wenyewe haupo sehemu nyingi, basi pakua ramani mapema.

Mwisho, jokofu. Border Village, mpakani mwa Australia Magharibi, wakaguzi wa karantini hufungua karavani, na matunda, mboga mbichi na asali haviingii Australia Magharibi. Pika viazi na karoti zilizobaki usiku uliotangulia. Wanaorudi mashariki hukaguliwa Ceduna, kwa hiyo machungwa ya Norseman wana karibu safari nzima ya kuyala.