Hojaji ya IWPQ: kipimo kizuri cha utendaji, kisipobebeshwa kisichokiweza

Anayeanza kazi ya utafiti katika usimamizi wa rasilimali watu hukutana mapema na kikwazo ambacho vitabu vya mbinu hukipitia juu juu: utendaji wa mfanyakazi mmoja mmoja utapimwaje? Mafunzo, mishahara na upandishaji vyeo huacha kumbukumbu kwenye majalada. Kazi ya mtu ambaye hazalishi bidhaa za kuhesabika, kwa upande mwingine, mara nyingi haina kumbukumbu yoyote ila tathmini ya mwaka ya msimamizi wake, nayo waajiri wengi hawako tayari kuitoa kwa mgeni. Ndiyo maana hojaji ya IWPQ (Individual Work Performance Questionnaire, yaani hojaji ya utendaji wa mtu mmoja mmoja kazini), ambayo mfanyakazi huijaza akijitathmini mwenyewe na iliyoundwa Uholanzi na Linda Koopmans na wenzake, imeenea sana katika tasnifu na makala za fani hii. Inapatikana bila malipo kwa utafiti wa kitaaluma usio wa kibiashara, na kwa mwanafunzi wa uzamivu asiye na mfadhili hilo si jambo dogo.

Toleo linalotumiwa zaidi lina maswali 18 yanayomtaka mhojiwa akumbuke miezi 3 iliyopita. Matano yanahusu utekelezaji wa majukumu, manane yanahusu mchango unaovuka majukumu rasmi, na matano ya mwisho yanahusu tabia zinazoidhuru kazi. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, na wastani hupatikana kwa kila sehemu peke yake. Utenganisho huo ndio uzuri mkubwa wa hojaji hii, kwa kuwa mtu anaweza kutimiza majukumu yake yote huku akiwavunja moyo wenzake kutwa nzima, na alama moja ya jumla ingelificha jambo hilo. Sifa ya pili ni kwamba haikutungwa kwa ajili ya taaluma moja, hivyo muuguzi, mhasibu na fundi wanaweza kuijaza katika utafiti mmoja.

Hata hivyo, anayeyasoma maswali yenyewe badala ya majina ya sehemu zake atagundua kwamba majina ni mapana kuliko yaliyomo. Sehemu ya majukumu inauliza hasa kuhusu kupanga kazi, kuweka vipaumbele na kukumbuka matokeo yanayotarajiwa. Haya ni mambo ya mtu mwenye uhuru wa kujipangia. Mfanyakazi ambaye kasi yake huamuliwa na mtambo hana cha kupanga, na alama yake ya chini itasema zaidi kuhusu muundo wa kazi kuliko kuhusu bidii yake. Sehemu ya mchango wa ziada nayo inaulizia kuanzisha majukumu mapya, kutafuta changamoto, kuendeleza ujuzi na kushiriki vikaoni, lakini haina swali la moja kwa moja kuhusu kumsaidia mwenzako aliyelemewa, ingawa Borman na Motowidlo, walioueleza utendaji wa aina hii mwaka 1993, waliuhesabu msaada kwa wenzako kuwa sehemu yake.

Sehemu ya tatu ndiyo inayonitia shaka zaidi. Maswali yake yote matano yanazunguka manung'uniko: kulalamikia mambo madogo, kuyakuza matatizo, kukodolea macho mabaya ya kazi, na kuyazungumzia mabaya hayo na wenzako au na watu wa nje. Wizi, utoro na uharibifu wa mali havimo. Zaidi ya hayo, mfanyakazi anayewaeleza watu wa nje kwamba kiwanda chake hakina vifaa vya kinga atahesabiwa pamoja na mnung'unikaji wa kawaida, hali ambayo mtafiti wa mahusiano kazini hapaswi kuikubali bila maelezo.

Kuhusu kujitathmini, kasoro si ya hojaji hii peke yake, ila urahisi wake huikuza. Mtafiti humpa mhojiwa mmoja karatasi moja, akamuuliza upande wa kwanza kuhusu sera za mwajiri na upande wa pili kuhusu utendaji wake, kisha akatangaza kwamba sera nzuri huongeza utendaji. Podsakoff na wenzake walikwisha kueleza kwa kina mwaka 2003 jinsi majibu ya chanzo kimoja yanavyoweza kuzaa uhusiano wa kitakwimu usiokuwepo au kuukuza uliopo, na wahakiki wa majarida mazuri huligundua hili kabla hawajafika kwenye majedwali. Wengine huongeza kosa la pili kwa kuegemea utafiti wa Huselid wa mwaka 1995, ambao ulipima wafanyakazi kuacha kazi, tija na matokeo ya kifedha katika ngazi ya kampuni. Hauwezi kuwa ushahidi wa kile ambacho mtu mmoja anakisema kuhusu miezi yake 3 iliyopita.

Pamoja na hayo, ningemshauri mtafiti wa kazi za ofisini na za kitaalamu aichague, mradi amuulize mhojiwa kuhusu sera mapema na kuhusu utendaji baada ya muda, au apate angalau tathmini ya msimamizi kwa baadhi ya wahojiwa. Anayehitaji kupima kusaidiana kazini aambatanishe kipimo cha Williams na Anderson cha mwaka 1991, ambacho katika utafiti wao kilijazwa na wasimamizi na kina sehemu mahususi ya tabia za kuwafaa wenzako. Kwa kazi za mtamboni, ningetafuta kwanza takwimu za uzalishaji na za mahudhurio, kisha ndipo niamue kama hojaji hii ina cha kuongeza.