TAHADHARI: Udongo wa polima wa kilo, nje halali ndani uchafu

Wenzangu mnaofinyanga hereni, vishikio vya funguo na maharusi wa juu ya keki kwa oda: yule muuza udongo wa polima wa kilo (ule laini wa plastiki unaookwa kwenye oveni ukawa mgumu), mnamjua, ni tapeli. Msimtumie hela. Na ambao mzigo umeshawafikia na mmeanza kuumega, msiutie kwenye kazi ya mteja kabla ya kuukata katikati.

Alivyotuingiza mjini ni hivi. Kwenye ile video ya mubashara alichukua kipande cheupe, akakikanda hadi kikalainika, akakipitisha kwenye mashine ya tambi mpaka ukawa utepe wa kama milimita mbili. Akauweka kwenye oveni yenye kipimajoto ndani, mshale umesimama kwenye nyuzi 130. Nusu saa nzima kamera haikuondoka pale. Akautoa, akauacha upoe, akaukunja mpaka ncha zikagusana. Haukukatika! Hicho ndicho kipimo chenyewe: polima iliyoiva hupinda, ambayo haijaiva hukatika kama biskuti. Mmoja akamuuliza Premo, chapa mojawapo ya polima, inaokwaje, akajibu papo hapo, 130 kwa nusu saa kila unene wa milimita sita. Na chapa ya Fimo je? 110, nusu saa. Yote sahihi. Bei nayo haikuwa ya kutia shaka, ilikuwa chini kidogo tu ya kununua vipande vya gramu 57, na maharusi wawili hula vipande vinne hata vitano. Nani asingetuma? Watu wakatuma, tena na ya kutolea.

Kinachotia hasira zaidi ni kwamba hata mzigo ukifika unakudanganya upya. Unamega kona, unaoka, inapinda vizuri, unamwandikia "asante dada, mzigo mzuri". Hizo asante ndizo anazowaonyesha wateja wengine. Lakini polima ni ganda tu la nje, nene kama kidole. Katikati amejaza udongo wa kukauka kwa hewa, ule wa shule, na kwa kuwa ganda halipitishi hewa, wa ndani unabaki mbichi, hauonekani hata ukiubonyeza.

Sasa ukifika katikati ndipo kazi ya mteja inapokufa. Udongo ule una maji. Kwenye oveni maji yanageuka mvuke kabla polima haijaiva, mvuke unatafuta pa kutokea, uso wa bibi harusi unatoka malengelenge, gauni linapasuka. Usipopasuka humo, wa ndani unasinyaa kadiri unavyokauka na shingo inaachia, maana aina hizi mbili hazishikani. Mteja ameshalipa kianzio, harusi ni Jumamosi, na hakuna gundi wala vanishi ya kuokoa hapo.

Na tafadhali, msipandishe moto mkidhani haujaiva. Polima ni PVC, aina ya plastiki. Ikipita nyuzi 175 inaanza kuungua na kutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Ukiona moshi au kusikia harufu kali, zima oveni, fungua madirisha, toa watoto nje.

Mtu huyu anaijua kazi kuliko wengi wetu, kwa hiyo hawezi kusema aliuziwa hivyo. Mtu amekaa chini akavika udongo wa shule ganda la polima, kipande baada ya kipande! Arudishe hela za watu wote, pamoja na gharama za kazi zilizoharibika, kisha akajibu polisi. Huko ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, si "makosa ya mzigo" kama anavyowaandikia watu. Namba yake kila mmoja aitume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu Tanzania, na wenye ujumbe wa malipo wasiufute.

Dalili zilikuwepo. Nailoni ya kufungia vyakula jikoni badala ya karatasi ya kiwandani yenye nyuzijoto na namba ya toleo. Jina linalotokea ukituma hela si lake. Ukimwomba akate kipande katikati kwenye video, mtandao unakatika.

Kupima kipande ulichokwisha kukimega ni rahisi: kata katikati kwa uzi au wembe, chukua punje ya ndani kabisa. Nusu tia kwenye glasi ya maji, nusu iache mezani usiku kucha. Polima haibadiliki kokote. Huo mwingine unalainika na kuyachafua maji, na wa mezani asubuhi ni mgumu. Kiganjani pia unaujua, ni baridi na unaacha unga mweupe.

Mwenye kipande ambacho hajakigusa asikikate wala kukitupa. Kiacheni na nailoni yake na risiti ya basi lililoleta mzigo, tukikate mbele ya askari.