Monita ya OLED: ipi ununue, ipi uiache dukani

Usiku mmoja nikihariri video ya harusi niligundua kwamba suti ya bwana harusi ilikuwa na mistari. Nilikuwa nimeshinda siku mbili na video ile kwenye monita yangu ya zamani, na muda wote suti ilionekana kama doa jeusi. Kwenye OLED niliona mistari, mikunjo ya kiwiko, hadi uzi uliochomoka mfukoni. Monita ya kawaida ina taa nyuma ya kioo, na taa hiyo huvuja hata pale panapotakiwa giza. Kwenye OLED kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, hujiwakia yenyewe, na ikitakiwa nyeusi inazimika kabisa.

Kabla ya kutazama nembo, jua kioo kimetoka wapi. Karibu vioo vyote vya monita hizi vinatoka kwa watengenezaji wawili, kila mmoja na aina yake ya OLED: Samsung Display wanaotengeneza QD-OLED, na LG Display wanaotengeneza WOLED. ASUS, MSI, Gigabyte na Dell hununua kioo kwao, kisha wanaweka fremu, matundu ya waya na dhamana yao.

Namba moja kwangu ni inchi 27 yenye 4K (pikseli 3840 kwa 2160), aina ya QD-OLED iliyoingia sokoni mwaka 2025: ASUS ROG Swift PG27UCDM, MSI MPG 272URX au Alienware AW2725Q (Alienware ni nembo ya Dell). Sababu yangu ni herufi. Ndani ya kila pikseli ya QD-OLED hizi, vidoa vya rangi vimepangwa kwa pembetatu, kwa hiyo kingo za herufi huota uzi mwembamba wa rangi, na anayesoma au kuandika siku nzima huchoka macho. Pikseli zinapobanana kufikia 166 kwa inchi, uzi huo hauonekani tena ukikaa umbali wa kawaida wa meza. AW2725Q ilitoka Marekani kwa dola 899, ikiwa bei nzuri kwa kioo cha namna hii.

Namba mbili ni inchi 32 yenye 4K na Hz 240, yaani picha hubadilika hadi mara 240 kwa sekunde. Kwa filamu, gemu na kuhariri video ukubwa huu ni raha tupu, na pikseli 140 kwa inchi zinatosha. Hapa ningechukua MSI MPG 321URX, iliyotoka 2024 kwa dola 949: waya mmoja wa USB-C unapeleka picha na kuchaji laptop kwa wati 90. Alienware AW3225QF ilitoka kwa dola 1,199 na imepinda kidogo. Wacheza gemu wataipenda. Anayechora ramani za nyumba asiiguse, maana mstari ulionyooka utamsumbua.

Namba tatu ni LG 32GS95UE, yenye kioo cha WOLED chenye uso usioakisi kama kioo cha kujitazamia. Lakini kama meza yako inaelekea dirisha kubwa na jua la alasiri linaingia moja kwa moja, basi hii ndiyo namba moja yako. QD-OLED haina ule utando unaomeza mwanga wa nje, kwa hiyo mchana mkali nyeusi yake hugeuka kijivu chenye uzambarau, na fedha yote uliyolipia giza imepotea. Huwezi kuweka pazia zito? Nunua WOLED.

Namba nne ni zile pana za inchi 34, kama Alienware AW3423DW ya mwaka 2022 iliyofungua njia kwa QD-OLED. Pikseli ni 110 tu kwa inchi, na ule uzi wa rangi kwenye herufi unaonekana. Hiyo AW3423DW sasa utaipata zaidi mitumba, na OLED ya mitumba siishauri kwa mtu yeyote.

Hofu kubwa ni kioo kuungua, yaani picha isiyosogea kuacha kivuli cha kudumu. Monita hizi hujisafisha zenyewe kwa dakika kadhaa baada ya saa chache za kazi, ukishazizima kwa kitufe chake. Lakini lazima umeme uwe bado unafika. Nyumbani tulikuwa tunazima swichi ya ukutani kila usiku ili uniti za LUKU zisikimbie, na monita yangu ya kwanza haikupata nafasi hata siku moja. Baada ya miezi kadhaa nilifungua ukurasa wa kijivu nikaona upau wa chini wa Windows umebaki pale, na alama za programu zangu zikihesabika moja moja. Roho iliniuma. Sasa swichi inabaki imewashwa, upau unajificha, na kuna UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) chini ya meza.

Kwenye dhamana, tafuta karatasi inayotaja kuungua kwa kioo waziwazi. Dell na MSI wametoa miaka 3 inayogusa jambo hilo. Ukiagiza Dubai, muulize muuzaji kwa maandishi ni nchi gani itaipokea monita ikiharibika. Na kabla ya kulipa, mwambie aiwashe na kufungua ukurasa mzima wa kijivu cha giza, taa za duka zikiwa zimezimwa. Kivuli chochote ukikiona, irudishe kwenye boksi.