CT scan ya mapafu: nilivyopimwa mimi

Mwaka 2016 niliugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi 6 nikapona. Mwaka jana kikohozi kikarudi, na asubuhi moja nikaona damu kwenye leso. Makohozi yakapimwa, TB hakuna. Eksirei ikaonyesha kivuli juu ya pafu la kulia, palepale penye kovu la zamani, na daktari akasema kwa picha ile hawezi kutofautisha kipya na cha zamani. Akaniandikia CT scan, yaani mashine ya mionzi inayopiga picha nyingi za ndani ya mwili, vipande kwa vipande.

Safari ya kwanza nilirudi bure. Nimefika hospitali moja hapa Dar es Salaam saa 1 asubuhi, sijala, ndipo naulizwa: majibu ya figo yako wapi? Kumbe dawa wanayochoma mshipani ili mishipa ya damu ionekane vizuri ina madini joto na hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo wanataka kwanza kujua figo zako zikoje. Siku ya kupewa miadi hakuna aliyeniambia. Iliniuma sana, maana siku ya kazi ilishapotea. Si kila CT ya mapafu ina dawa hiyo, kwa hiyo uliza mapema yako ni ya aina gani, na kama unatakiwa kufunga. Kama una pumu, unameza metformin (dawa ya kisukari), au dawa iliwahi kukudhuru, waambie. Mwenye dalili za ujauzito aseme kabla ya yote.

Safari ya pili mambo yalikwenda. Nilivua mkufu na mkanda, nikawekewa kanula (kijirija cha kupitishia dawa mshipani) mkononi, nikalala chali mikono juu ya kichwa. Wengi huogopa kufungiwa, lakini mashine hii ni kama pete kubwa. Meza inakupitisha katikati na uso wako unabaki unaona chumba.

Kilichonipa shida ni pumzi. Sauti iliyorekodiwa inakwambia vuta pumzi, ibane, na inasema kwa Kiingereza. Mara ya kwanza nilikohoa katikati, picha ikaharibika. Kijana wa mionzi akatoka kwenye kile chumba chenye kioo, akaniinua kidogo nikohoe mpaka kifua kikatulia, kisha tukafanya mazoezi pamoja kwa Kiswahili mara 3. Tulivyorudia nilibana vizuri, wala hazikufika sekunde 15. Ningejua, ningefanya mazoezi nyumbani.

Halafu ikaja ile dawa. Joto lilipanda kooni, likashuka kifuani hadi kwenye nyonga, mdomoni ladha ya chuma, nikaamini kabisa nimejikojolea. Nilipapasa shuka, kavu. Ndani ya dakika moja limeisha. Hilo ni la kawaida, ila pale ilipoingia sindano pakiuma au pakivimba, au ukianza kuwashwa au kubanwa na pumzi, piga kelele papo hapo, wanakusikia.

Nilikaa benchi nusu saa na kanula yangu wakiniangalia. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anangoja zamu akaniuliza, "Mwanangu, mle ndani wanafanyaje?" Nikamweleza habari ya joto, tukabana pumzi pamoja palepale benchini.

Kuhusu mionzi nilimuuliza daktari. Alinieleza kwamba CT moja ya kifua ni sawa na makumi ya eksirei za kifua, karibu na mionzi ambayo mtu huipata kwa asili kutoka ardhini na angani kwa miaka 2 hivi. Kwangu, niliyekuwa natema damu, ilistahili. Kwa kikohozi cha wiki moja nisingekubali.

Majibu yalitoka siku ya tatu: hakuna uvimbe. TB ya zamani iliacha mirija ya hewa imetanuka, makohozi yanatuama humo, ndiyo maana ya damu. Sasa kila asubuhi nafanya mazoezi ya kuyatoa. CD ya picha niliiomba mwenyewe, nimeiweka bahasha moja na eksirei ya 2016, na daktari amesema niende nayo kila kliniki.