Kituo cha nyumbani cha kulelea watoto, Tabata: huduma ya kwanza nzuri, taarifa mbovu

Kituo ninachokizungumzia ni nyumba ya familia moja huko Tabata, Dar es Salaam, ambamo mama mwenye nyumba, aliyewahi kufundisha chekechea kwa muda mrefu, hupokea watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne kuanzia alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, akisaidiwa na mabinti wawili. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa watu wanaishi humo na kukitaja kungewatambulisha pia watoto wa wenzangu. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwezi, pamoja na uji wa asubuhi na chakula cha mchana. Kuhusu usafi, chakula na upole wa walezi sina la kulalamika, na wengi wameshalisema hilo kabla yangu. Ninachotaka kukipima hapa ni jambo ambalo wazazi hawaliulizi wanapokwenda kuandikisha mtoto: kituo kinafanya nini mtoto anapoumia vibaya, na kinamwambia nani, lini na kwa maneno gani.

Mwanangu, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka miwili, alivuta kitambaa cha meza na kumwagikiwa na uji wa moto kifuani na mkono wa kushoto. Watoto wadogo wanaoungua majumbani, wengi wao huunguzwa na vimiminika vya moto, na kwa kuwa ngozi yao ni nyembamba, kimiminika ambacho mtu mzima angekihisi kuwa cha moto tu huwaunguza kwa kina katika muda mfupi sana. Kilichofuata nimekipata kwa walezi wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yanalingana. Mama mlezi alimvua mtoto nguo na shanga za mkononi kabla mkono haujavimba, akamwinamisha bombani na kumwagia maji ya kawaida kwa takriban dakika ishirini, huku sehemu nyingine za mwili zikiwa zimefunikwa kanga ili asipate baridi. Binti mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine akapendekeza ute wa yai. Wote wawili walikataliwa palepale. Jeraha lilifunikwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, bila kupasua lengelenge lolote, na mtoto akapakiwa kwenye bajaji kuelekea kituo cha afya.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanastahili sifa. Daktari aliyempokea alisema kwamba maji hayo ndiyo yaliyozuia jeraha la mkono lisiwe la kupandikizwa ngozi. Maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini husaidia hata yakichelewa, mradi yaanze ndani ya saa tatu tangu mtoto kuungua. Barafu haifai, na dawa ya meno, asali, mafuta au unga haviponyi jeraha bali huliletea uchafu, kisha humlazimu muuguzi kuvikwangua kutoka kwenye nyama mbichi. Kila anayeijua Tabata anajua pia kwamba bomba si jambo la kutegemea kila siku, na kama nyumba ile isingekuwa na simtanki lililojaa, ujuzi wote huo ungeishia kwenye ndoo tupu. Tangu hapo, kila ninapoingia nyumba inayolea watoto, hufungua bomba kwanza kabla ya kutazama michoro ukutani.

Hapo sifa zinakoma. Simu niliyopigiwa ilisema hivi: “Mwanangu, njoo mara moja, mtoto amepata tatizo kidogo.” Niliuliza tatizo gani, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, nije tu. Sikuambiwa kuwa ameungua, ameungua wapi, kwamba yumo njiani kupelekwa hospitali, wala ni hospitali ipi. Baba yake alipigiwa na binti, akaambiwa kwamba mtoto ameanguka. Kwa hiyo mimi nilikwenda Tabata, nyumba nikaikuta na watoto wengine na binti mmoja anayelia, wakati mwanangu alikuwa kwenye benchi la kituo cha afya na mtu ambaye hakujua kama ana mzio wa dawa yoyote, chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini, wala kadi yake ya bima iko wapi.

Naelewa kwa nini mtu husema “kidogo”. Kwetu habari nzito haitupwi kwa simu. Msiba wenyewe huletwa kwa kuzungushwa, na mzee huambiwa kwamba mgonjwa “amezidiwa” kabla ya kuambiwa kuwa ameshazikwa. Adabu hiyo ina mahali pake, lakini mahali pake si kwa mzazi ambaye anapaswa kutoa idhini ya matibabu ndani ya dakika chache. Simu ya mtoto aliyeumia inahitaji sentensi nne tu: mtoto ameungua kwa uji kifuani na mkononi, anapumua na analia, tunampeleka kituo fulani cha afya na fulani yuko naye, njoo na kadi yake ya kliniki na ya bima.

Kituo cha afya kilimpa dawa ya maumivu, kikatufanyia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kwa kuwa eneo lililoungua lilikadiriwa kufikia asilimia kumi ya mwili. Makadirio haya si siri ya madaktari: kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takriban asilimia moja ya ngozi yake, na mlezi yeyote anaweza kuhesabu. Kwa mtoto mdogo, asilimia kumi inatosha kumlaza wodini, na jeraha la uso, kiganja, nyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo linampasa daktari hata likiwa dogo kuliko hapo.

Hospitalini tuliulizwa kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, na hapa palizuka mvutano ambao sikuutegemea. Mama mlezi aliniomba tusiende polisi, kwa hofu kwamba kituo chake kingefungwa na yeye kuwekwa ndani. Kwa heshima ya umri wake nilimsikiliza, lakini fomu tuliichukua, baada ya mtoto kuwa ameshahudumiwa, kwa kuwa matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. PF3 hutolewa bure katika kituo cha polisi, daktari huijaza akieleza jeraha alilolikuta, na kazi yake ni kuhifadhi ukweli wa siku ile. Haimhukumu mtu. Tena mlezi asiye na kosa ndiye anayeihitaji zaidi, maana bila maandishi ya daktari kwamba jeraha linalingana na kumwagikiwa na uji kutoka juu, hana cha kujitetea siku jirani atakapoanza kusema kwamba mtoto alichomwa kwa makusudi.

Taarifa ya maandishi niliipata siku iliyofuata, baada ya kuiomba, nayo ilikuwa mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari: mtoto alijimwagia uji, alipewa huduma ya kwanza, alipelekwa hospitali. Hakukuwa na saa. Hakukuwa na jina la aliyekuwa chumbani, wala sufuria ilikuwa wapi, wala meza yenye kitambaa kirefu ilifikaje kwenye chumba cha watoto wanaojifunza kusimama kwa kushika chochote kilicho karibu. Ukiisoma bila kujua mengine, ungedhani mtoto wa miezi ishirini na kitu alipanga ajali yake mwenyewe. Taarifa ya jeraha kubwa huandikwa siku hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kusimuliana na kumbukumbu kufanana, na kila aliyekuwapo huandika au kuandikiwa alichokiona yeye: saa, mahali, nani alikuwa na watoto wangapi, nini kilifanyika dakika kwa dakika, nani alipigiwa simu na aliambiwa nini. Mzazi hutia sahihi kwamba ameisoma, si kwamba amekubali kila neno, na hubaki na nakala yake.

Kuhusu serikali, kituo hakikumwambia yeyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawataka wanaolea watoto mchana wawe na leseni, na msimamizi wao wa karibu ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Sheria hiyohiyo inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa anapojua kuwa haki za mtoto zinavunjwa. Ajali ya uji si lazima iwe uvunjaji wa haki, na sikuwahi kumshuku mama huyu kwa ukatili. Lakini anayeamua kwamba ni ajali tupu hapaswi kuwa mtu yuleyule ambaye ajali ilitokea mikononi mwake. Nilikwenda mwenyewe kwa afisa huyo, akafika nyumbani pale, akaangalia jiko, akazungumza na mabinti mmojammoja, akaacha maagizo ya maandishi. Kituo hakikufungwa. Hofu yote ile ya polisi na ya kufungiwa iliishia kwenye agizo la kuweka geti la mbao kwenye mlango wa jiko. Kwa mzazi asiyejua aanzie wapi, au anayeshuku kwamba jeraha halikuwa bahati mbaya, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Wazazi wengine waliambiwa kwamba mwanangu ana homa. Hili lilinichukiza kuliko simu, kwa sababu simu ilipigwa na mtu aliyetaharuki, ilhali homa ilitungwa kwa utulivu na kurudiwa kila asubuhi getini. Watoto wao walikuwa wanakula kwenye meza ileile, na walikuwa na haki ya kujua kwamba mtu ameungua hapo, bila kutajiwa ni mtoto wa nani.

Kabla ya kuamua kama mtoto arudi, nilikaa na mama mlezi na kumuuliza angefanya nini katika ajali nyingine. Kuhusu mtoto mchanga anayepaliwa alijibu bila kusita: kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, kumpiga mapigo matano katikati ya mabega, kisha kumgeuza na kumkandamiza kifuani mara tano, alijifunza hayo katika mafunzo ya Chama cha Msalaba Mwekundu. Kuhusu kuanguka na kugonga kichwa, alitaja kutapika kwa kurudiarudia, usingizi usioamshika na maji au damu kutoka puani na masikioni, na akasema mzazi hupigiwa hata kama mtoto anacheza vizuri, kwa kuwa dalili huweza kujitokeza usiku akiwa nyumbani. Jibu zuri hilo. Kuhusu mafuta ya taa aliteleza, akasema angempa maziwa ili atapike. Aliyemeza mafuta ya taa hatapishwi kabisa, kwa sababu hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu yanapopanda. Hupelekwa hospitali mara moja pamoja na chupa aliyoinywea. Alinishukuru, akaliandika.

Mabadiliko niliyoyaona tangu wakati huo ni ya kweli. Geti la jiko lipo na linafungwa. Uji hupikwa na kupoa kabla ya mtoto wa kwanza kufika, na vitambaa vya meza vimeondolewa vyote. Kuna daftari la matukio ambamo hata mchubuko wa goti huandikwa na mzazi hutia sahihi jioni, na bahasha ya kila mtoto yenye nakala ya kadi ya kliniki, ya bima, namba tatu za simu na barua ya mzazi inayoruhusu matibabu ya dharura. Kinachokosekana bado ni mtu wa tatu wa uhakika: binti mmoja aliondoka, na saa za mchana, wakati wa kulisha, nimewahi kukuta mlezi mmoja na watoto wote.

Mwanangu amerudi hapo, kovu la kifuani likiwa linapakwa mafuta kila asubuhi na yule yule aliyemwagia maji. Kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili nawapendekezea kituo hiki, kwa alama tatu na nusu kati ya tano. Kwa mtoto anayetambaa nisingempeleka hadi pengo la msaidizi lizibwe. Ukienda kuandikisha, omba kuliona daftari la matukio, na ukilikuta halina tukio hata moja kwa mwezi mzima katika nyumba yenye watoto wadogo, uliza kwa nini.