Dumu la mbege na chupa ya lager, meza moja

Haya jamani, karibuni tena mezani kwangu. Kama hujatimiza miaka 18, hii si video yako, rudi kwenye ile ya majiko ya gesi. Leo nina vitu viwili: chupa ya lager niliyoichukua dukani hapo chini, jina silitaji maana hawajanilipa, na dumu la mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kutoka Moshi.

Dumu lenyewe lina kisa. Shangazi alipolipakia kwenye basi alinipigia: "Mwanangu, ukilipokea tu, legeza kifuniko." Nikalipokea jioni, nimechoka, nikalitupia jikoni nikalala. Usiku wa manane, paa! Kifuniko kimegonga dari, ulezi umeruka mpaka kwenye pazia. Sogeza kamera, doa hilo hapo.

Sasa chupa hii naweza kuifungia kabatini miezi na isifanye fujo. Kwa nini? Kwa sababu mbege iko hai. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi na magome ya msesewe ya kutia uchungu. Shangazi hatii hamira ya pakiti. Chachu inajileta yenyewe, na pipa lake analisuuza kwa maji tu, sabuni hairuhusiwi kulikaribia.

Ndivyo pombe ilivyopikwa kwa maelfu ya miaka. Wasumeri, huko Iraki ya leo, walikuwa na mungu wa kike wa bia, Ninkasi. Kwenye mihuri yao utaona watu wameketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mteso wa Uganda au Kenya akiiona picha ile atauliza kwa nini hakualikwa, maana ajono, pombe yao ya ulezi, inanyweka hivyohivyo hadi leo. Mrija unayakwepa makapi yanayoelea juu, basi.

Turudi kwenye chupa. Lebo inasema maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua ya kutia uchungu). Mwaka 1516 watawala wa Bavaria, Ujerumani ya leo, walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Umeona kilichokosekana? Chachu! Hawakuikataza, walikuwa hawajui ni kitu gani. Waliona povu na mashapo, wakachota ya pishi la jana wakatia kwenye la leo. Yaani hapo wao na shangazi yangu wako darasa moja.

Hii rangi ya dhahabu nayo ni ya juzi. Mji wa Plzeň, Bohemia, Ucheki ya leo, mwaka 1838 watu walichoka na bia mbovu wakamwaga mapipa mbele ya ukumbi wa mji. Wakajenga kiwanda kipya, wakamleta Mbavaria aitwaye Josef Groll, na 1842 akatoa bia nyepesi, inayong'aa. Nusu ya friji za baa leo ni wajukuu zake.

Halafu ndipo akaja Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, kueleza kwamba chachu ni kiumbe hai, na kwamba vijidudu vingine vikiingia bia inaharibika. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, Denmark, akatenga seli moja ya chachu akaikuza peke yake. Tangu hapo mpishi akawa anachagua mfanyakazi wake. Ongeza kuchuja na kupasha moto, unapata chupa yenye ladha ileile Mwanza na Mombasa.

Tuonje. Lager: baridi, povu limesimama vizuri, uchungu unapita haraka. Kosa silioni, ila nikiiweka chini sina cha kukumbuka. Saba kwa kumi.

Mbege: kahawia, nzito, chenga za ulezi unazisikia kwenye ulimi. Inaanza na utamu wa ndizi, inageuka uchachu, msesewe unakukamata kooni mwishoni. Mmh. Jana ningeipa tisa. Leo imeshachachuka kupita kiasi, sita, na hilo ni kosa la safari, si la mpishi.

Desemba napanda Moshi na kamera, niirekodi ikiwa kwenye kata, palepale pipani. Shangazi ameshakubali, sharti lake ni kwamba nije na pazia jipya la jikoni kwake pia.